Watu saba, watano au mmoja: kaya iliyotushinda kuhesabu bima

Bibi alijibu kabla mdadisi hajamaliza kusoma swali. "Bima tunayo, mwanangu. Sote." Mdadisi akagusa NDIYO kwenye kishikwambi, likafunguka swali la aina ya bima, akagusa CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kwa kuwa kadi ya CHF ndiyo aliyoletewa, kisha akaendelea na swali la choo. Dakika moja haikutimia.

Ilikuwa Agosti 2021, katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Tulikuwa tunajaribu dodoso la utafiti mdogo wa kaya kabla ya kuingia nalo uwandani rasmi. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukaa pembeni kwenye kigoda, kusikiliza, na kuandika maswali yanayokwama. Swali la bima halikukwama. Kwenye daftari langu niliweka alama ya vema nikageuza ukurasa.

Kilichotushtua kilikuja kurasa mbili mbele, kwenye matumizi ya kaya. Mama Neema, mke wa mtoto wa Bibi, aliulizwa kama kuna aliyetibiwa mwezi uliopita. Akasema ndiyo, mwanawe wa miaka 9 aliugua homa, wakaenda zahanati. Mlilipa? Tulilipa, shilingi 7,000, vipimo na dawa. Mdadisi akaandika 7,000 akasogea. Mimi nikainua kichwa. Kama sote tuna bima, na zahanati ni ya serikali, ile elfu saba ilikwenda wapi?

Kishikwambi hakikulalamika. Aliyepanga dodoso, ambaye kwa sehemu ni mimi, hakuweka sehemu ya kulinganisha jibu la bima na jibu la malipo. Laiti nisingekuwepo pale, kaya hii ingeingia kwenye jedwali kama watu saba wenye bima, na yeyote ambaye angekuja kusoma jedwali lile asingekuwa na sababu ya kutilia shaka.

Tukaomba ruhusa ya kukaa tena. Bibi akaagiza chai. Majina yao nimeyabadilisha, lakini waliyosema sikuyagusa.

Kadi moja baada ya nyingine

Nilianza na Bibi mwenyewe, mwenye umri wa karibu miaka 70 na ndiye mkuu wa kaya. "Bima yako ni ipi, Bibi?" Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho chenye picha yake na muhuri wa halmashauri, kilichofungwa nailoni. Ni kitambulisho cha matibabu ya wazee. Ukienda nacho hospitali ya serikali unapita dirisha la wazee, pale palipobandikwa tangazo la kumpisha mzee apate huduma kwanza, na hulipi. Kwa Bibi hiyo ni bima. Anaugua, anaonyesha kadi, anatibiwa bure: utamwambia nini?

Lakini kwa hesabu za bima hiyo si bima. Ni msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inatoa msamaha wa malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, kwa wajawazito, kwa watoto walio chini ya miaka 5, na kwa wenye maradhi kama kifua kikuu. Hakuna mfuko unaochangiwa, hakuna uanachama, na ukivuka lango la hospitali binafsi au ukikuta dawa zimekwisha kwenye duka la hospitali, kitambulisho kile hakikusaidii. Tofauti hiyo inajulikana ofisini. Kijijini wengi huijua siku wanapoambiwa wakanunue dawa nje.

Nikamuuliza tena, kwa mzunguko. Una watoto waliosoma? Waajiriwa? "Yupo mmoja, mwalimu, Morogoro." Alikuandika kwenye bima yake ya kazini? Akafikiri. "Kuna mwaka alinipiga picha, akasema ni ya hospitali. Kadi iko kwake, nisije nikaipoteza. Ile ni ya mwanangu."

Kumbe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, hukata asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi wa umma, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri, na kumhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Mzazi anaweza kuwa mtegemezi. Kwa hiyo Bibi, aliyetuonyesha kadi isiyo ya bima kama ushahidi wa bima, kweli alikuwa na bima, tena ile yenye huduma pana kuliko zote zilizokuwa karibu naye. Ila hakuihesabu kuwa yake.

Nisisitize hapa, maana ndipo nilipojifunza zaidi. Jibu la Bibi kuhusu nafsi yake, "ninayo", lilikuwa sahihi. Sababu yake haikuwa sahihi. Makosa mawili yalikutana njiani yakafutana. Msimamizi anayekagua ubora wa takwimu kwa kulinganisha jumla na jumla asingeona kitu, kwa sababu jumla ingekaa sawa huku kila kilicho chini yake kimepinda. Na siku ambayo halmashauri itaacha kutoa vitambulisho vile, Bibi atajibu "sina", na utafiti utaandika kwamba bima imeshuka.

Mama Neema ndiye aliyeleta kadi ya CHF. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na ulipoboreshwa 2018 mchango ukawa shilingi 30,000 kwa kaya ya hadi watu sita kwa mwaka. Mwandikishaji wa kijiji alikuja na simu, akapiga picha kila mmoja, akaingiza kwenye mfumo. Mama Neema aliwaandikisha watano: mumewe, yeye, Neema wa miaka 15, yule mvulana wa miaka 9, na mtoto wa dada yake aliyekuwa akisoma pale. Alilipa Julai mwaka uliotangulia, fedha za alizeti zilipoingia.

Julai hadi Julai. Sisi tumefika mwishoni mwa Agosti. Ndiyo maana ya ile elfu saba: zahanati waliangalia namba, wakamwambia muda umekwisha, akalipa taslimu. Kadi aliyotuonyesha ilikuwa safi, haijakunjika, na haikuwa na tarehe ya kuisha mahali popote. Uhai wa bima ile ulikuwa kwenye mfumo, kadi ilikuwa namba tu. Mimi nilikuwa nimewafundisha wadadisi kwamba ukitilia shaka omba kuona kadi.

Nikamuuliza kwa nini alisema wana bima ilhali alikwisha kuambiwa imeisha. Hakuona aibu hata kidogo. "Haijafa, imelala. Nikiuza alizeti naiamsha."

Mumewe hakuwepo. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu, hulala huko siku za kazi, na hakulala nyumbani usiku wa kuamkia siku ile. Neema aliulizwa akacheka, akamtazama mama yake. Mtoto wa mwisho, wa miezi 14, alizaliwa kabla ya kuandikishwa lakini hakuandikwa kabisa, kwa hesabu kwamba mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure hata hivyo. Ni hesabu nzuri, sikumlaumu.

Akabaki mdogo wa mume, kijana wa miaka 22, dereva wa bodaboda. Yeye tulimkuta mlangoni anafuta pikipiki. Una bima? "Ninayo, ipo hai mpaka Desemba." Akatuonyesha stika ya bima ya pikipiki. Na ya afya? "Hiyo mpaka uugue." Neno bima tumelipokea kutoka kwa Wahindi, na mitaani kwa miaka mingi limekuwa la magari kabla ya kuwa la hospitali. Mdadisi anayefupisha swali kwa kuchoka, akaacha neno "afya" limezwe, atakusanya stika za pikipiki kijiji kizima.

Hesabu

Kaya ina watu saba: Bibi, mtoto wake na mkewe, watoto wao watatu, na dereva wa bodaboda. Yule mtoto wa dada alishahamia Dodoma mjini kwa masomo.

Kwa swali la kaya nzima aliloulizwa Bibi, wenye bima ni saba kati ya saba.

Ukiuliza nani amewahi kuwa na bima wakati wowote ndani ya miezi 12 iliyopita, ni watano: Bibi kupitia Morogoro, na wanne wa CHF ambao bima yao ilikwisha Julai.

Ukiuliza nani ana bima inayofanya kazi leo hii, ni mmoja. Bibi peke yake, kwa kadi iliyo zaidi ya kilomita 250 kutoka kitandani kwake.

Bado hujafuata njia ya tafiti kubwa za kitaifa za afya na idadi ya watu, ambazo swali la bima huliweka kwenye dodoso la mwanamke wa miaka 15 hadi 49 na la mwanamume. Hapo Bibi haulizwi, amepita umri. Watoto wadogo hawaulizwi. Mumewe Mama Neema hakulala pale. Wanaobaki ni Mama Neema, anayesema ndiyo kwa bima iliyolala, Neema asiyejua, na wa bodaboda, ambaye jibu lake linategemea kama mdadisi ametamka "afya" kwa sauti. Mtu pekee mwenye bima hai yuko nje ya wavu kabisa.

Na upande wa pili wa ukuta kuna hesabu za mifuko. Kaya ile ukiihesabu kwa kifurushi inasimama kama watu sita, kwa kuwa ndiyo idadi ambayo kifurushi kinaruhusu, ingawa walioandikwa ni watano na mmoja wao hayupo tena. Sensa ya 2022 ilikuja kuonyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Yeyote anayezidisha kaya za CHF kwa sita anajipa watu ambao hawajazaliwa. Bibi naye, kwenye vitabu, ni mtu wa Morogoro.

Ukishaiona kaya hii, huwezi tena kushangaa kwamba utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta takribani wanawake tisa kati ya kumi hawana bima yoyote, ilhali miaka michache baadaye taarifa zilizokuwa zikinukuliwa kila mahali zilisema karibu theluthi ya Watanzania wanayo, asilimia 8 NHIF na zaidi ya 20 CHF. Watu waligombana kuhusu nani anadanganya. Nadhani walikuwa wanahesabu vitu viwili: kuandikishwa, na kuwa na bima hai siku unapoulizwa. Kati ya viwili hivyo kuna alizeti.

Waliopita njia hii kabla yetu

Ghana waliumia hadharani. Bima yao ya taifa ilianzishwa kwa sheria ya 2003, na kwa miaka kadhaa mamlaka ikawa inatangaza walioandikishwa kwa kujumlisha tangu mwanzo: aliyejiandikisha 2006 na hakuhuisha tena aliendelea kuhesabiwa. Takwimu zikapanda kupita asilimia 60. Wakosoaji wakapiga kelele, mamlaka ikabadili kanuni na kuhesabu wanachama hai tu, na kwa mwaka 2010 ikajikuta na watu milioni 8.16, asilimia 34. Hakuna mgonjwa aliyepoteza bima usiku ule, kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu tu. Wao walipata bahati moja ambayo sisi kwenye CHF hatukuwa nayo: kadi yao ilikuwa na tarehe, kwa hiyo tafiti za kaya ziliweza kuomba kuiona na kuandika kama muda wake bado upo.

Marekani shida yao ni tofauti ila mzizi ni uleule. Ofisi ya Sensa huko, kila mwaka kati ya Februari na Aprili, huongeza kwenye utafiti wake wa nguvu kazi maswali ya kipato na bima ya afya. Kwa miaka mingi swali lilikuwa kama ulikuwa na bima wakati wowote katika mwaka uliopita, Januari hadi Desemba. Unamuuliza mtu mwezi Machi akumbuke Januari ya mwaka uliopita. Siku moja tu ya bima ilitosha kumtoa kwenye kundi la wasio nayo, kwa hiyo wasio na bima walipaswa kuonekana wachache. Walionekana wengi mno, wakikaribiana na idadi inayopatikana ukimuuliza mtu hali yake ya leo. Dalili ni kwamba watu waliulizwa kuhusu mwaka mzima wakajibu kuhusu jana na leo, au walisahau bima fupi iliyokwisha zamani. Majibu yalipolinganishwa na orodha za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wengi walioko kwenye orodha walikuwa hawakuitaja kabisa. Baadhi walikuwa wametaja bima nyingine wakidhani ndiyo ile.

Baada ya miaka ya majaribio, ambayo mtafiti Joanne Pascale aliyashughulikia kwa karibu, dodoso jipya likaanza kutumika 2014. Linaanza na sasa: leo una bima? Ilianza lini? Kisha linarudi nyuma mwezi kwa mwezi hadi kufunika mwaka uliopita. Likishapata bima moja, linauliza nani mwingine nyumbani amefunikwa na hiyohiyo, badala ya kurudia mlolongo wote kwa kila mtu. Utaratibu wa zamani ulikuwa umeonyesha wasio na bima kwa mwaka 2012 ni asilimia 15.4, watu milioni 48. Utaratibu mpya ukaonyesha kwa mwaka 2013 asilimia 13.4, milioni 42. Namba hizo mbili haziwekwi kwenye mstari mmoja, ingawa macho yanatamani.

Kelele zilikuwa kubwa, kwa sababu 2014 ndio mwaka bima mpya za sheria ya Obama zilianza kufanya kazi. Mnabadilisha kipimo leo hii, mtu anapotaka kujua kama sheria imefanya kazi? Ofisi ilijibu kwamba utafiti wa 2014 unauliza kuhusu 2013, mwaka wa kabla ya mabadiliko, hivyo msingi na kinachofuata vingepimwa kwa fimbo moja. Jibu hilo naliona la haki, lakini mtu aliyetaka kulinganisha na 2010 alibaki mikono mitupu.

Mimi kilichonivutia zaidi kwao ni mpangilio wa maswali. Leo kwanza, kisha lini, kisha nani mwingine. Mama Neema angeweza kuyajibu hayo yote.

Tulichobadilisha

Siku tatu tulikaa kwenye ukumbi wa ofisi ya kijiji tukiandika upya. Tuliondoa swali la kaya nzima. Ukimuuliza mtu kuhusu "sisi", anakujibu kwa heshima ya nyumba, na nyumba yenye heshima haikosi kitu mbele ya wageni. Tukafuata orodha ya wanakaya, jina kwa jina, pamoja na waliolala kwingine.

Kisha tukaliahirisha neno bima. Swali la kwanza likawa: "Ukiugua leo ukaenda zahanati au hospitali ya serikali, nani atalipa?" Mdadisi mmoja alipinga, akasema utafiti wetu ni wa bima na neno halimo. Tulipolijaribu kwa majirani, majibu yalijichambua yenyewe: nalipa mwenyewe, mzee halipi, analipa mwanangu, naonyesha kadi. Anayesema "mzee halipi" anapelekwa kwenye kipengele cha msamaha, kinachoandikwa peke yake. Msamaha unastahili kuhesabiwa, tena kwa makini, maana unamlinda mtu kweli; ubaya ni kuuvalisha jina la bima.

Swali la pili lilitokana na Bibi: "Kuna mtu yeyote, anayeishi hapa au kwingine, aliyekuandikisha kwenye bima ya kazini kwake?" Haya maneno matatu, "hapa au kwingine", yalitugharimu mjadala wa nusu siku. Utafiti wa kaya una desturi ya kusimamia mipaka ya chungu kimoja: wanaokula pamoja ndio kaya. Bima haiheshimu chungu. Inafuata damu na hati ya mshahara, na kwa mzee wa kijijini mwenye mtoto mtumishi, bima yake iko mjini.

La tatu ni lini. Tarehe kwa tarehe haikufaa kitu. "Uliilipia kabla au baada ya kuuza alizeti za mwaka huu?" ilifaa, na kama ni ya mwaka jana, mdadisi anahesabu mwenyewe. Penye zabibu unatumia zabibu, penye korosho korosho. Orodha ya misimu ya kila wilaya tuliipata kwa maafisa ugani ndani ya asubuhi moja.

La mwisho lilikuwa kengele ambayo kishikwambi hakikuwa nayo. Mtu akisema ana bima hai na kwenye matumizi akasema alilipa taslimu kituo cha serikali, skrini inasimama na kumtaka mdadisi aulize kwa nini. Haibadilishi jibu yenyewe. Inauliza tu, kwa sababu mtu anaweza kuwa na bima na bado akanunua dawa.

Wiki mbili baadaye mdadisi mwingine, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alienda kwa Bibi na dodoso jipya. Lilitoa mmoja kati ya saba. Lilichukua pia dakika 11 zaidi, na hapo ndipo ofisini tulipogombana.

Dakika 11 ukizizidisha kwa kaya elfu kadhaa ni magari, posho na siku za kulala vijijini. Mwenye fungu alizitazama akasema hapana. Mtaalamu mwingine alisema, na hoja yake ilikuwa nzito, kwamba duru iliyopita ya utafiti uleule ilitumia swali la zamani, na tukilibadilisha hatutaweza kusema kama bima imepanda au imeshuka. Nikapendekeza tugawe: nusu ya maeneo ya kuhesabia waulizwe kwa swali la zamani na nusu kwa jipya, ili tupate daraja kati ya duru mbili. Wazo likapendwa kwenye kikao na kufia kwenye bajeti. Tulichoambulia ni maswali matatu kati ya tuliyoyaandika: nani atalipa, hapa au kwingine, na kabla au baada ya mavuno. Kengele iliondolewa. Swali la kaya nzima lilirudi mwanzoni, kwa ajili ya ulinganifu, likiwa kama lilivyokuwa.

Kwangu, kilichoniuma zaidi ni msimbo. Mama Neema hakutoshea kwenye NDIYO wala HAPANA. Nilitaka tuongeze wa tatu, IMELALA: aliandikishwa, muda umepita, ana nia ya kuhuisha. Nikaambiwa nia haipimiki. Labda. Lakini kwa mtu wa mfuko anayetaka kujua amtume nani kijijini na lini, tofauti kati ya mama asiyewahi kuandikishwa na mama anayengoja bei ya alizeti ndiyo habari yenyewe. Msimbo haukukubaliwa. Wadadisi wawili niliowafundisha waliendelea kuandika neno hilo kwenye nafasi ya maoni, na sikuwakataza.

Nilirudi kwa Bibi mara ya mwisho kumuaga na kumrudishia picha tulizopiga. Nikamwambia, kwa kuwa ilikuwa haki yake kujua, kwamba kadi iliyo Morogoro ni yake yeye na anaweza kutibiwa nayo hata hospitali ya mkoa. Hakuniamini. Akamwita wa bodaboda ampigie mwanawe, simu ikawekwa kwenye spika juu ya meza ya chai.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Eti ile kadi uliyonipiga picha ni ya nani?"

Kimya kidogo. "Ni yako, Mama. Mwaka wa tano huu."

Bibi akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akashika fundo la kitambaa chake. "Sasa na hii ya wazee," akaniuliza, "niirudishe?"